Barua kwa Somo: Kila mlango ukifunguliwa, paka wangu yuko nje

Assalaam alaykum, Somo.

Nina miaka 34, nimeolewa, na naishi Mji wa Kale hapa Mombasa, upande wa Kibokoni, ghorofa ya pili. Tuko watu 5: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 8, mdogo wake wa miaka 5, na mavyaa wangu ambaye tunakaa naye tangu alipofiwa na mumewe. Najua watu wanakuletea mambo mazito ya ndoa na mirathi, na mimi nakuletea paka. Lakini paka huyu amekwisha kunigombanisha na nyumba nzima. Wiki iliyopita nilijikuta nimekaa kwenye ngazi nalia, kandambili mguu mmoja, na mguu wa pili sijui niliuacha wapi.

Anaitwa Kachumbari. Ana rangi 3, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, zimechanganyika hovyo hovyo, ndiyo watoto wakampa jina hilo. Tulimwokota mwezi wa Ramadhani chini ya meza ya muuza samaki, Marikiti, akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Sasa nakisia ana miezi 7. Kama ni dume au jike sijui, kila nikitaka kumtazama ananikwaruza.

Ndani ya nyumba hana kazi ila mlango. Mume wangu akitoka kwenda swala ya alfajiri, Kachumbari amekwisha kufika mlangoni kabla yake. Watoto wakirudi madrasa jua linapokaribia kuchwa, anapita katikati ya miguu yao kama maji. Mara 2 amefika barabarani. Mara moja alilala nje usiku 2, tukamkuta juu ya paa la mabati la watu, amejikunyata, na kunguru wamemzunguka kama wanamsomea kesi.

Utaniuliza kwa nini nisimwachie kama paka wote wa mji huu wanavyoachiwa. Somo, kabla yake tulikuwa na paka mwingine, Simba. Huyo alikuwa huru, anashuka na kupanda apendavyo. Siku moja mwaka juzi binti yangu alishuka mbio kununua mabuyu, akaacha mlango wazi, Simba akamfuata. Ikaja tuktuk. Binti yangu aliona kwa macho yake mawili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipofika pale chini nilimwambia mbele za watu, "Umemuua wewe."

Tangu Kachumbari aje nimeweka sheria. Mlango haufunguliwi mpaka mtu ajue paka yuko wapi. Binti yangu ameishika sheria hiyo kuliko mimi mwenyewe. Usiku huamka, huenda kuusukuma mlango kuona kama umefungwa, kisha hurudi kulala. Mdogo wake anaisahau, namfokea.

Mavyaa hataki kuisikia. Yeye amekulia nyumba ambayo mlango ulifungwa usiku tu. Juzi mbele ya wageni aliniambia, "Mwanangu, paka hafungwi. Hujasikia habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka?" Wageni wakanyamaza, nami nikanyamaza, lakini usiku sikupata usingizi. Mume wangu anasema paka ana roho saba, tumwache acheze juu ya paa kwenye matangi ya maji, hata akianguka atafikia miguu. Madirisha nayo ni taabu. Yana nondo, lakini Kachumbari anapenya, kwa hiyo nafunga mbao, na joto la kaskazi unalijua. Jirani wa chini anafuga njiwa, na amemwambia mume wangu, kwa heshima zote, kwamba akimwona paka yule tena karibu na tundu lake tusije kumlaumu. Kaka yangu yuko Likoni, ana ua mkubwa, na yuko tayari kumchukua. Binti yangu aliposikia hilo alisusa chakula.

Na sasa limezuka jipya. Tangu wiki iliyopita Kachumbari analia usiku kucha, kilio kama cha mtoto mchanga, anagaragara sakafuni na kuinua makalio. Mavyaa anasema ana pepo anayetaka kutoka. Mume wangu anasema ni njaa. Mimi naona ni mimi ninayemtesa.

Nimdhibiti vipi bila kumfanya mfungwa? Na je, nina haki ya kumfungia kiumbe wa Mungu kwa sababu ya hofu yangu? Samahani na kwa swali dogo: mchanga wa pwani unafaa kwa choo chake?

Mama Kachumbari, Mji wa Kale


SOMO ANAJIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Usiniombe radhi kwa kuniletea paka. Wengi wanaoniletea mirathi huwa wanagombania makabati, na wewe angalau mnachogombania kina roho.

Barua yako nimeisoma mara 2, na mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari kila nilipokuta neno mlango. Karatasi ilijaa mistari. Kwako wewe mlango huo ni tuktuk. Kwa mavyaa wako ni wageni, na jirani anayepita akasema hodi akaingia. Kwa mumeo ni njia ya msikitini. Kwa binti yako nadhani ni kitu kizito zaidi, na hapo nitarudi. Kachumbari peke yake ndiye ambaye mlango kwake ni mlango tu.

Nianze na kilio, maana hicho hakingoji. Umesema hujui kama ni dume au jike, lakini umenitajia rangi zake, na rangi zimekwisha kusema. Weusi na uchungwa wa paka hurithiwa kwenye kromosomu X, na ili paka awe nazo zote mbili inabidi awe na X mbili. Jike huwa na X mbili, dume huwa na moja. Kwa hiyo paka wa rangi 3 karibu wote ni majike. Dume huzaliwa kwa nadra sana, na mara nyingi huwa tasa. Kachumbari ni binti. Paka jike huweza kupata joto la kutaka dume akiwa hata na miezi 4, na wa miezi 7 ndio umri wenyewe. Kulia usiku, kugaragara, kuinua kiuno, yote uliyoyaeleza ndiyo dalili zake. Huchukua kama wiki moja, akatulia, na asipopandwa hali ile humrudia baada ya wiki 2 au 3. Nchi za baridi paka hupumzika majira siku zinapokuwa fupi, kwa sababu mwanga wa jua ndio unaouamsha mwili wao. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu hauongezeki wala haupungui sana, basi paka wa Mombasa hana likizo.

Nakueleza haya ili uone kwamba unapopigana naye mlangoni siku hizi, hupigani na udadisi peke yake. Kuna madume huko nje wanamsikia. Na kwa kuwa alikwisha kulala nje usiku 2, mweleze daktari wa mifugo tarehe hizo, kwani mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65 tu, na watoto wanaweza kuwa 4 au 5. Ukifikiria Kachumbari 5 na mlango mmoja, utanielewa.

Daktari atakuambia habari ya kumfunga kizazi. Ni upasuaji, una dawa ya usingizi, una kidonda cha kuchunga siku 10 hadi 14, na ni gharama. Usije ukaambiwa ni kitu cha mchezo. Faida yake ni kwamba kilio kinakwisha na hamu ya kutangatanga hupungua. Udadisi haupungui, huo ni wake. Kuhusu dini katika jambo hilo, wanachuoni wametofautiana, na mimi si mmoja wao. Muulize sheikh unayemwamini, na umuulize pamoja na mumeo, msije mkarudi na majibu mawili.

Sasa lile la moto, ambalo naona ndilo lililokuchoma.

Habari ya yule mwanamke ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na mavyaa wako hakuibuni. Lakini hebu muombe akusimulie yote, mpaka mwisho. Alimfunga paka mpaka akafa. Hakumlisha, hakumnywesha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Wengine husimulia neno la kumfunga wakaishia hapo, na lile la njaa likaachwa nje ya mlango. Wewe Kachumbari wako anakula, anakunywa, na wewe unalia kwenye ngazi kwa ajili yake. Sisemi jibu ndilo hilo, nasema swali la kumpelekea sheikh ni refu kuliko lile ulilotupiwa mbele ya wageni.

Kuna na hadithi nyingine, nayo naipenda kwa sababu ni ya nyumbani. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliingia kwa Kabsha, mke wa mwanawe. Mkaza mwana akammiminia maji ya kutawadha, akaja paka anataka kunywa, na mzee akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Akamwona Kabsha anashangaa. Akamwambia kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukia majumbani mwenu. Angalia waliokuwemo: mkwe, mkaza mwana, na paka katikati. Ukiisoma usiku mmoja mavyaa akiwapo, sauti ya chini, bila kumlenga, huenda ikafanya kazi ambayo hoja zako hazikufanya.

Na hapa nataka nikuulize jambo. Una hakika mavyaa anamtetea paka? Nimekaa Mji wa Kale miaka mingi, najua mlango uliofungwa mchana unavyosomwa na wapitao. Watu husema kuna ugonjwa, au kuna ugomvi, au wameota pembe. Mama huyu amefiwa na mumewe, ameacha nyumba yake, amekuja kukaa ghorofani kwa mwanawe, na sasa hata mlango hafungui bila kuuliza paka yuko wapi. Inawezekana nakosea. Lakini ningekuwa wewe ningemuuliza alipokuwa msichana paka wao waliitwaje, walilala wapi, nani aliwapa vichwa vya samaki. Kisha ningemkabidhi kazi: chakula cha Kachumbari cha asubuhi na cha jioni kiwe mkononi mwake. Paka humfuata anayemlisha. Na mtu anayelisha paka huanza mwenyewe kuuliza, "Yuko wapi?" Hatari ni kwamba akisahau au akiona umemfanya mtumishi, utakuwa umejiongezea shitaka la pili. Wewe unamjua, mimi namjua kwa barua tu.

Kuhusu saa. Umenitajia nyakati 2 anazotoroka, alfajiri na kabla ya magharibi, ukadhani anawavizia mnaopita. Hizo ndizo saa za paka. Mwindaji wa aina yake huchangamka wakati wa kuchwa na wa kucha, mchana kutwa hulala, saa 12 na zaidi. Imesadifu tu kwamba ndizo saa za nyumba ya Kiislamu kufungua mlango. Basi mtangulie. Robo saa kabla ya watoto kurudi madrasa, funga unyoya wa kuku kwenye kamba, umkimbize nao chumba cha mbali na mlango, umwache aukamate mara kadhaa, maana paka asiyekamata kitu hukasirika tu. Kisha mavyaa aweke sahani hukohuko, mlango wa chumba ufungwe. Paka akishawinda hula, akishakula hujiramba, akishajiramba hulala. Kamba uifiche baada ya mchezo, kwani wakimeza uzi huwakata matumbo. Alfajiri ni vigumu zaidi, sikudanganyi. Labda mumeo akubali kumwekea konzi ya dagaa jikoni na kuufunga mlango wa jikoni kabla hajashika funguo. Ukimwambia kwamba ni amri yako hatafanya. Ukimwambia kwamba ni yeye tu ndiye aliye macho saa hizo, huenda.

Nyumba za zamani za Waswahili zilikuwa na daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, unapita hapo kwanza ndipo unaingia ndani. Wazee hawakulijenga kwa sababu ya paka, lakini lingekufaa sana. Angalia kama pale juu ya ngazi panaweza kuwekwa kigeti chepesi cha wavu na mbao, kirefu cha kumshinda, kinachofungwa na kufunguliwa kwa mkono mmoja. Hapo mlango mkubwa waweza kubaki wazi mchana, wageni wakaonekana, upepo ukapita, na mavyaa akapata barabara yake ya kutazama. Mwenye nyumba lazima aulizwe, na ngazi ni ya watu wote, kwa hiyo jirani wa njiwa pia aulizwe. Usikidharau kibali chake.

Madirisha usiendelee kuyafunga mbao. Mtaugua ninyi kabla ya paka. Ule wavu wa mbu wa plastiki hautamzuia, kucha zake zitauchana kwa siku moja. Mwite seremala akutengenezee fremu ya mbao yenye wavu wa waya, ikae upande wa ndani wa nondo na iweze kutolewa. Ndani, narudia, kwa sababu Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na sura ya nje ya nyumba haiguswi hovyo. Fanya dirisha moja kwanza, lile linalopata upepo wa bahari. Chini yake weka kibao cha kukalia, na utaona: nusu ya siku atakuwa pale anawatazama kunguru, nao watamtukana, naye atawatukana, na hakuna atakayepata jeraha. Wale kunguru usiwachukulie kwa mzaha. Wametoka Bara Hindi kwa njia ya meli, wamejaa pwani yetu, na paka mdogo aliye peke yake juu ya bati ni nyama kwao.

Kwa baba watoto, na hizo roho saba zake. Kweli paka hujigeuza hewani na mara nyingi hufikia miguu. Lakini miguu hiyo inavunjika, na kidevu kikagonga, na mapafu yakaumia. Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa New York waliandika habari za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani, na kwamba 9 katika kila 10 walinusurika. Watu huishia hapo wakafurahi. Waliohesabiwa ni wale waliofikishwa hospitali. Waliofia chini ya dirisha hakuna aliyewapeleka kwa daktari. Paa lenu likiwa na ukuta wa kimo cha mtu na mtu mzima akiwa pamoja naye, muda wa saa nzima jioni kule juu wakati unaanua nguo inaweza kuwa zawadi kubwa kwake. Kwenye matangi, peke yake, hapo mumeo anacheza kamari na macho ya binti yenu.

Kuna wanaomvisha paka mshipi wa kifuani wakamtembeza kwa kamba. Inawezekana, ukimzoeza ndani kwa wiki kadhaa, dakika chache kwa siku. Ila Kibokoni watakucheka mpaka Idi. Kama unaweza kuvumilia hilo, mimi nitakuwa wa kwanza kukupungia mkono kutoka barazani.

Kumwachia huru pia ni njia, na nisingekuwa mkweli nikiificha. Paka wengi wa mji huu wanaishi hivyo, na wako walionenepa na kuzeeka. Ukiichagua, asitoke kabla hajafungwa kizazi, hajachanjwa kichaa cha mbwa, maana paka nao huupata na kuuambukiza, na hajapoa kabisa na hali aliyo nayo sasa. Chanjo hiyo apate hata akikaa ndani. Na mtu yeyote akiumwa au kuparuzwa na mnyama asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Zitabaki tuktuk, atabaki jirani. Huyo wa njiwa nadhani umemwona adui mapema mno. Mtu aliyekuja kusema na mumeo kwa heshima kabla ya kufanya lolote ametoa onyo, na hajafunga mlango wa maneno. Mpelekee sahani ya kitu, umwambie kwamba wewe pia hutaki paka wako afike kwake. Mnataka jambo moja ninyi wawili, na pengine hajui hilo.

Likoni. Ua mkubwa ni neema kweli, na kaka yako hana kosa. Lakini paka aliyehamishwa hutafuta alikotoka, kwa hiyo hata kule inabidi akae ndani wiki 2 au 3 kwanza. Yaani kaka yako naye atakuwa na mlango. Na kuna feri kati ya binti yako na paka wake.

Binti yako. Mwanangu, sentensi uliyoiandika haraka kuliko zote ndiyo niliyokaa nayo zaidi. Mtoto wa miaka 8 anaamka usiku kusukuma mlango. Unaona anaishika sheria kuliko wewe. Mimi naona analinda zamu aliyopewa siku ile chini kwenye ngazi, mbele za watu, na hakuna aliyekuja kumpokea. Alikuwa na miaka 6 tu, ametoka kununua mabuyu. Simba alikuwa anashuka ngazi zile kila siku kwa ruhusa ya nyumba nzima. Siku ile ingeweza kuwa mlango ulioachwa na wewe, au na baba yake. Je, umewahi kumwambia hivyo? Wazazi wengi wa kwetu hatukufundishwa kumuomba mtoto msamaha, tunaona heshima itashuka. Sijui kwako ingekuwaje. Ninachojua ni kwamba geti, wavu na daktari vyote vinaweza kufanikiwa, Kachumbari akatulia kabisa, na yule mtoto akaendelea kuamka usiku. Na siku paka atakapotoka tena, maana atatoka tena, nyumba yenye watu 5 na mlango mmoja haishindi paka milele, nani atakuwa wa kwanza kutazamwa? Fikiria mapema utasema nini siku hiyo. Pengine kazi ya kuchunga mlango iondolewe kabisa kwa watoto, iwe ya wakubwa, na yeye apewe ile ya unyoya na kamba. Lakini usiiondoe ghafla bila maneno, asije akaona amefukuzwa kazi kwa sababu hakuiweza.

Uliniuliza kama una haki ya kumfungia kwa sababu ya hofu yako. Hofu yako imetoka barabarani, ina sababu. Swali ambalo mimi ningejiuliza kila jioni ni Kachumbari amefanya nini leo humo ndani. Kama amewinda unyoya, amekaa dirishani, amekula dagaa wa bibi na kulala miguuni kwa mtoto, hiyo ni siku ya paka. Kama amelala kwa uchovu wa kukosa la kufanya, basi mavyaa wako ana hoja, hata kama aliisema vibaya.

Na mchanga: wa pwani ni mzito, una chumvi na vigae vya chupa, na nyumbani utakuwa nao mpaka kwenye wali. Jaribu mchanga mkavu wa kawaida uliochekechwa, au maranda ya seremala yasiyotiwa dawa. Ukimwita kwa ajili ya fremu, muombe gunia. Beseni pana, mbali na chakula chake. Kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma, kama anavyo, huhitaji siku moja hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Ukiwa na mimba, kazi hiyo ni ya baba watoto.

Niandikie daktari alisemaje. Na mavyaa, paka wao wa zamani aliitwa nani.

Somo